Betri Zisizo na Vishikio

Lodwar, Turkana
Agosti 1995

Kwako Dada Feza,

Pokea salamu za ndugu yako aliyekaa na barua yako mfukoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Magoti yanaendeleaje? Uliandika kwamba siku hizi unapanda kilima cha kanisa kwa fimbo, na kwamba unapumzika njiani ukijifanya unatazama ziwa. Nilicheka, kisha nikafikiria umri wetu, nikaacha kucheka. Je, mihogo imepona ule ugonjwa wa majani? Na watoto wa marehemu kaka yetu wamekula vizuri mwaka huu? Redioni nasikia habari za watu waliokimbilia upande wenu kutoka nchi jirani, na kila likitajwa jina la Uvira mkono wangu huenda wenyewe kuongeza sauti.

Huku tu wazima. Rosa anatembea, anakula, ananigombeza. Utaona mbele kwa nini nakuandikia mambo ya kawaida hivyo kama habari kubwa.

Uliniuliza jambo moja tu, na mimi nimelizunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Baba Mdogo anasema kiwanja cha marehemu Baba huko Baraka hakiwezi kuendelea kumngoja mtu asiyeonekana. Nije kabla ya mvua, nikikanyage kwa miguu yangu mbele ya ukoo, nianze hata kibanda. Au niseme siji, kipewe mwingine. Naogopa kujibu, Dada. Jibu limefungwa kwenye dawa ya Rosa, na dawa ya Rosa imefungwa kwenye umeme, kwa hiyo utanivumilia nikueleze habari za betri kabla sijafika kwenye kiwanja.

Unajua kwamba Rosa ana kisukari. Nilichokuficha, kwa kuwa sikutaka ulie ukiwa mbali, ni kwamba vidonge vilishindwa, na sasa anaishi kwa sindano ya asubuhi na ya jioni. Dawa yenyewe huitwa insulini. Huja katika kichupa kisichozidi kidole gumba, na binti yetu Neema, aliye muuguzi Kitale, hututumia kwa basi ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu. Dawa hii haipendi joto. Nyama ikioza hunuka, maziwa yakiganda huonekana. Insulini ikiharibika huweza kubaki vilevile, safi kama maji ya chemchemi, na mgonjwa hujidunga akidhani amejitibu. Nasi tunaishi Lodwar, mahali ambapo mshumaa hujikunja ndani ya sanduku bila kuwashwa.

Tulipokuwa kwenye nyumba ya shule sikuwa na hofu. Jenereta ilitupa stima, na friji ilikuwa jikoni. Lakini nimestaafu, na nyumba ya shule ni ya mwalimu anayefundisha. Wazee wa hapa, ambao nimewasomeshea wana na sasa wajukuu, walinipa mahali pa kujenga ng'ambo ya laga, yaani lile bonde la mchanga ambalo hupata maji mvua ikinyesha milimani, karibu na boma la mama mmoja aitwaye Akiru. Laini ya stima ya mji haifiki huko. Kijumba cha vyumba vitatu, ukuta wa matofali, paa la mabati, na uzio wa makuti ya mikoma. Umeme, nilijiambia, utatoka kwenye jua, maana hicho ndicho kitu pekee ambacho huku hakijawahi kupungua.

Nilisoma nilichoweza kupata. Nilipima joto la kila pembe ya nyumba kwa kipimajoto. Hata mtungi niliujaribu, ule wa kuzungushiwa mchanga na magunia mabichi. Unapoza vizuri jioni, lakini mchana wa kiangazi haushushi joto vya kutosha kwa kitu ambacho maisha ya mtu yanakitegemea. Hivyo nikanunua friji ndogo ya kufunguliwa juu, inayotumia umeme wa betri, iliyokuwa imetoka Lokichoggio baada ya watu wa misaada kupata mpya. Kisha nikaenda Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kumtafuta fundi.

Fundi ni Simon Lado, Msudani wa Torit, muumini mwenzangu, ana kibanda sokoni kambini anakotengeneza redio na kuuza betri na paneli za sola. Kwao alikuwa fundi wa umeme wa magari. Mimi na yeye tunaelewana kama watu waliosoma darasa moja, kwa sababu sote tumekimbia zaidi ya mara moja. Nilimwambia nataka umeme wa friji, taa na redio, ila uwe mwepesi. Hakuuliza mwepesi kwa nini. Alivuta kipande cha katoni akaanza kuchora: paneli mbili ndogo zenye bawaba, zikunjike kama kitabu, betri moja ndani ya sanduku la mbao, nyaya zisipigiliwe ukutani, bali ziwe na vibanio vya meno kwenye ncha, vya kubana asubuhi na kubandua jioni.

"Mwalimu, hapa tunatia vishikio," alisema, akigonga ubavu wa lile sanduku. "Hapa na hapa. Watu wawili wanashika, wanakimbia nayo."

"Wanakimbia kwenda wapi, Simon?"

"Hiyo mimi sijui. Lakini vishikio iko."

Tulicheka, tukanywa chai, tukausifu mchoro wetu. Hakuna kati yetu aliyeona ajabu kwamba watu wawili wazima wameshinda mchana kutwa wakipanga umeme wa nyumba, na kitu walichokifurahia kuliko vyote ni jinsi ya kuuondoa nyumbani.

Wewe hukukimbia, Dada, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini labda ndiyo sababu sijui kama utanielewa. Tangu usiku ule wa kukimbia, nilipovuka ziwa kwenda Kigoma, sijawahi kupigilia msumari nisioweza kuung'oa. Kigoma nilinunua kitanda baada ya Rosa kukataa kuolewa juu ya mkeka. Vitabu vyangu, ambavyo ni vingi kwa mtu wa hali yangu, havijawahi kuona rafu; vimo kwenye makasha, kila kasha zito kiasi cha mtu mmoja kulibeba. Kila mwaka nilisema mwakani tunarudi Baraka. Sikusema kwa kudanganya. Nilisema kama mtu anavyosema Amina, bila kusikiliza tena maneno yaliyotangulia.

Tukahamia nyumba mpya na umeme wetu wa kubebeka. Kila asubuhi nilitoa paneli uani, nikaziegemeza kwenye kigoda, nikabana vibanio. Jua likizunguka, nazo nikazigeuza. Jioni nikazikunja na kuziingiza ndani. Friji ilinguruma. Akiru alikuja kutuamkia, "Ejok," akasimama akinitazama nikihangaika na nyaya, kisha akamwambia Rosa kwa Kiswahili chake, "Mama Neema, mzee wako anachunga hii kitu kama mbuzi. Asubuhi anatoa, jioni anarudisha boma. Iko na maziwa?" Rosa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kidogo.

Halafu niliitwa Kakuma. Kuna familia chache kutoka kwetu zilizofika kambini, na ofisi huniomba niwatafsirie. Nilimwonyesha Rosa jinsi ya kubana, jinsi ya kugeuza, nikaondoka na lori la mahindi. Nilikuwa na wasiwasi, lakini wasiwasi wa mtu anayejua kwamba amepanga vizuri.

Upepo wa huku, Dada, hauvumi kama wa ziwani. Unakuja na mchanga, unapiga kama mtu anayefagia nchi kwa hasira. Nikiwa bado Kakuma ulizibwaga paneli kifudifudi. Rosa alitoka akazisimamisha, akazipangusa, akaziegemeza upya kwenye kigoda. Alivyoniambia, hakuona tatizo; vyote vilikuwa mahali pake. Ila kibanio kimoja kilikuwa kimeteleza, kikashika ganda la waya badala ya shaba yake. Kwa macho kimebana. Kwa umeme hakijabana. Friji ikaendelea kunywa kutoka kwenye betri ambayo haikuwa ikijazwa, na betri yenyewe ilikuwa ndogo, kwa sababu mimi niliitaka nyepesi. Asubuhi iliyofuata Rosa alifungua kifuniko akakuta kimya, na vuguvugu.

Alimwita Akiru. Akiru hakushangaa wala kuuliza umeme ni nini. Alichukua kichupa, akakiweka ndani ya kibuyu kidogo, akashuka lagani mahali wanapochimba maji ya mbuzi, akachimba mpaka mchanga ukawa wa baridi na unyevu, akakizika humo na kukaa hapo karibu pamoja na wanawe ili mbuzi wasije wakapakanyaga. Asubuhi na jioni alikifukua, akakileta, Rosa akajidunga. Walifanya walivyoweza, na walifanya vizuri. Ila saa zile ambazo kichupa kilikuwa ndani ya friji iliyokufa, katika joto lile, hakuna aliyeweza kusema ni ngapi.

Nilirudi nikamkuta Rosa amekaa kizingitini, midomo imekauka, anakunywa maji bila kukoma na kunitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Nilimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa punda wa akina Akiru. Sukari ilikuwa imepanda mno. Daktari aliuliza dawa ilihifadhiwa wapi, nikaeleza. Alikishika kichupa akakielekeza kwenye mwanga, kikang'aa vizuri kabisa, naye akakitupa. Sijui, na daktari alisema kwamba naye hajui, kama ni joto lililoiua ile dawa au ni maradhi yenyewe yaliyochachamaa. Lakini mimi kila nikifumba macho naona kibanio kile.

Hospitali walikuwa na dawa ya kumvusha, si ya kumweka. Nilimpigia Neema simu kutoka posta. Akatuma chupa nyingine mara moja, na basi likakwama Kainuk, kwa sababu kulikuwa na majambazi barabarani na magari yalizuiwa mpaka askari wapatikane wa kuyasindikiza. Nilisimama stendi, Dada, na watu waliokuwa wakingoja mizigo ya kawaida, vitenge na mafuta ya kupikia, nikawachukia kwa utulivu wao. Nilikuwa nikifikiria barafu. Sikufikiria kitu kingine chochote duniani ila barafu ndani ya chupa ya chai, juani, Kainuk. Basi lilipoingia, dereva alinikabidhi chupa akasema, "Mzee, hii umeingoja kama mtoto." Niliitikisa. Vipande viligonga ndani. Nilikaa chini pale pale vumbini.

Rosa aliporudi nyumbani, siku ya kwanza alilala mchana kutwa. Siku ya pili alinikuta nasafisha vile vibanio kwa msasa, nikifikiria jinsi ya kuvikaza zaidi. Akavuta kigoda, akakaa.

"Baba Neema," alisema, "umenijengea mzigo. Mimi naomba nyumba."

Nilianza kumweleza kwamba kosa lilikuwa la kibanio. Akaningoja nimalize, kama anavyoningojaga siku zote.

"Nilikufuata Kigoma, nikakufuata huku, na ukisema kesho tunakwenda Baraka nitafunga kanga yangu nikufuate. Lakini useme kesho. Usiniache kati ya leo na kesho na dawa yangu."

Niliingia ndani nikajifanya natafuta miwani.

Basi mpango mpya ndio huu, na ninauandika kwa kirefu kwa sababu kuandika kunanituliza. Paneli ni nne, kubwa, juu ya fremu ya chuma iliyochomelewa na kufungwa kwa bolti mpaka kwenye mbao za paa. Vitabu vyangu, vilivyoandikwa na watu wa nchi za mbali, vinasema paneli zisimame wima kiasi. Hapa jua hupita utosini, kwa hiyo zimelala karibu tambarare, zikiinama tu vya kutosha mchanga uteremke. Betri ni za kazi hii hasa, si za lori, nzito kiasi kwamba wanaume wanne walizishusha wakilalamika. Zimekaa ndani ya kisanduku cha matofali chenye sakafu ya zege, nje ya ukuta usiopigwa na jua la alasiri, kikiwa na matundu juu na chini, kwa maana betri ikijaa hutoa hewa mbaya, na ikipata joto hufupisha umri wake. Zitanyweshwa maji maalumu ya dukani tu; maji ya kisima chetu yana chumvi. Nyaya zimepita ndani ya mabomba, zimekazwa kwa nati. Na kuna swichi ambayo betri zikipungua hukata kwanza redio, kisha taa, ili friji ibaki ya mwisho kufa.

Bado naogopa. Kuna siku ambazo vumbi hufunika anga, jua likawa kama sahani ya bati. Zikija mfululizo, betri zitastahimili? Hesabu yangu inasema ndiyo. Hesabu yangu ilisema ndiyo mara ya kwanza pia. Kwa hiyo mtungi upo, na Akiru ameonyesha Rosa mahali pa kuchimba.

Simon Lado alikuja mwenyewe kutoka Kakuma kufunga. Alipoona kisanduku cha matofali alikizunguka, akainama, akapitisha kiganja ubavuni kama anayetafuta kitu. Akasimama.

"Hii haiko na vishikio."

"Haina, Simon."

Alikunja na kukunjua waya mkononi. "Kwa hivyo mwalimu harudi."

Nilimwambia nyumba ya mgonjwa haiwezi kuwa mlango wa kutokea tu. Maneno ya kitabu, nayo hayakumtosha, wala hayakunitosha mimi. Akaitikia kwa kichwa. "Mimi ya kwangu bado naacha na vishikio," alisema, kisha akapanda ngazi akaanza kazi. Akiru alikuwa amekaa kivulini akitazama. "Nyinyi watu ya kitabu," alituambia, "mnahama kushinda Waturkana." Lado alicheka huko juu hadi akaangusha spana.

Sasa nimefika kwenye kiwanja, Dada.

Akiba niliyokuwa nikiiweka kwa ajili ya safari ya kurudi imekuwa chuma na betri. Imekwisha kutumika, sikuombi ruhusa, nakuambia. Na hata ningekuwa nayo, huko Baraka sioni mahali pa kuweka kichupa cha Rosa, na kusafiri bila yeye ili nikanyage ardhi mbele ya ukoo, kisha nimwache na paneli na upepo, siwezi tena. Mwambie Baba Mdogo siji. Mwambie asiseme kwamba nimetupa kiwanja cha Baba, maana sijakitupa, nakitoa. Naomba apewe mpwa wangu, mwanao Asende, aliyekilinda miaka yote hii dhidi ya mbuzi za majirani. Najua kwamba kwa desturi yetu mtoto wa dada harithi kiwanja cha ukoo. Wakikataa, mwambie Baba Mdogo kwamba mjomba aliye hai ndiye aliyesema, na asomewe barua hii mbele ya watu, aya hii peke yake. Kaburi la Baba lipaliliwe na Asende kama anavyofanya siku zote. Sina zaidi.

Nimeandika maneno hayo. Naogopa utakavyoyasoma. Umenitunzia mahali kwa miaka thelathini, ukafagia penye jina langu, na mimi leo nakujibu kwa habari ya bolti. Kama utakasirika, kasirika, ila uniandikie hasira hiyo, usinyamaze.

Nisalimie Baba Mdogo kwa heshima zote, na mkewe aliyetufundisha sote kusali. Msalimie Asende na mkewe, na yule mjukuu wako ambaye unasema ana masikio yangu, mpe pole. Mjane wa kaka yetu mwambie kwamba namkumbuka kila Jumapili. Mwalimu mzee wa shule ya misheni, kama bado anaona, asomewe salamu zangu taratibu, anapenda kusahihisha. Rosa anakusalimu sana na kusema kwamba yeye si mgonjwa kama ninavyomwandika. Neema naye anakubusu mikono.

Jambo moja la mwisho. Nilipokuwa nikiandika orodha ya mahitaji ya umeme, friji, taa ya jikoni, taa yetu, redio, Rosa alisoma juu ya bega langu akauliza kwa nini chumba cha tatu hakina taa. Nikasema hakina mtu. Akaniambia nimeishi miaka yote nikiwa mgeni wa watu mpaka nimesahau kwamba mwenye nyumba hualika. Kwa hiyo mimi, ambaye kila barua nimekuambia nakuja, leo nakuambia njoo wewe, Dada. Vuka hadi Kigoma, shika njia ya Nairobi. Neema atakupokea Kitale na kukupandisha basi la huku. Upumzike unapotaka, hakuna kilima. Taa ya chumba chako imekwisha kuingia kwenye hesabu.

Mimi nduguyo,
Alimasi